Mwavuli Pale Elerai

Mwezi Juni 2020 nilikuwa nauza akaunti za benki chini ya mwavuli, kando ya barabara, kata ya Elerai. Nilikuwa na miaka 21, nimetoka kumaliza stashahada ya masoko, na vifaa vyangu vya kazi vilikuwa vinne: mwavuli wenye nembo, meza ya plastiki, kishikwambi cha kusajilia watu, na ndoo yenye koki kwa ajili ya kunawa mikono, maana ulikuwa mwaka ule. Benki yenyewe sitaitaja. Ningekuwa naifanyia kazi nyingine yoyote pale mjini, ningekaa chini ya mwavuli wa rangi nyingine na kusema maneno yale yale.

Arusha ya miezi ile wenyeji wanaikumbuka. Watalii walikatika ghafla mwezi Machi. Waongoza watalii waliozoea kuondoka alfajiri kwenda Serengeti wakawa wanashinda kijiweni wanacheza drafti. Nyumba nyingi za Elerai ni za kupanga, na mpangaji asipopata mshahara mwenye nyumba naye hapati kodi, na mwenye duka anabaki na magunia yake ya mchele. Katikati ya ukame huo mimi nilitakiwa kufungua akaunti mpya 12 kwa siku.

Aliyeniumbua alikuwa mama muuza maziwa. Alikuwa akija na kifodi kutoka upande wa mlimani, madumu mawili na kopo la kupimia, na wateja wake walikuwa wanamsubiri hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Siku moja alipomaliza kuuza nikamwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na nyie mnauza nini?"

"Akaunti ya akiba, mama. Unafungua bure, haina makato ya mwezi. Namba ya NIDA tu na alama za vidole."

Akafuta kopo lake taratibu kwa ncha ya kanga. "Na benki ikianguka, pesa yangu ananirudishia nani?"

"Benki haianguki, mama."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema ameshanawa miguu.

"Na ile ya Meru ilikuwa nini? Duka la viatu?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Akabeba madumu yake akaondoka, na mimi nikabaki na kishikwambi mkononi, nimeshafungua ukurasa wa kujaza jina.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na mada ya tasnifu yangu ni hiyo hiyo: namna watu wa masoko wa benki wanavyoweza kubaki na tija uchumi unapokuwa mgumu. Msimamizi aliipitisha kwa dakika tano. Vitabu nilivyoelekezwa vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani baada ya mtikisiko wa 2008, na ushauri wake unafanana: usikate bajeti ya matangazo wenzako wanapokata, mtunze mteja wa zamani kabla ya kumtafuta mpya, zungumzia uaminifu kuliko bei. Siyo ushauri mbaya. Ila hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo chenye mama anayefuta kopo la maziwa na kuuliza swali lile. Kwa hiyo nikaanza kurudi nyuma, kwenye historia, ambayo si idara yangu.

Ukiwa Arusha huhitaji kwenda mbali kuianza. Jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha liko karibu na mnara wa Mwenge, na lilikuwa ukumbi wa jamii tu wakati Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa mjini hapa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio likatangazwa Jumapili, Februari 5. Kesho yake, Jumatatu, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba benki zote binafsi ni mali ya umma. Kubwa zilikuwa tatu, zote za Uingereza: Barclays, Standard, na National and Grindlays. Zikaunganishwa na ndogo, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, chini ya Amon Nsekela. Benki za kigeni zikawaita wataalamu wao warudi kwao, na vijana wa Kitanzania waliokuwa makarani wakajikuta wameshika funguo za hazina.

Mwanafunzi wa masoko anaweza kuusoma mwaka huo akacheka, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu ilipokufa kwa karibu robo karne. Benki ya biashara ilikuwa moja Bara nzima. Zilikuwepo nyingine za kazi maalumu, kama ya maendeleo vijijini na ile ya nyumba, lakini mwenye duka au mwenye mshahara hakuwa na mahali pa kuchagua. Mteja ndiye aliyekuwa akijinadi kwa benki.

Lakini nisiwe mwepesi wa kubeza. NBC ilifanya jambo moja ambalo zile za Waingereza hazikuona faida yake: ilijenga matawi mikoani na wilayani, mahali ambapo biashara ilikuwa ni pamba, kahawa na mishahara ya walimu. Matawi hayo yatarudi baadaye katika hadithi hii.

Nyakati ngumu zilipokuja, zilikuja kweli kweli. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta kupanda, bei za mazao kushuka. Edwin Mtei, aliyewahi kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu Uwaziri wa Fedha mwishoni mwa 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akaja kulima kahawa huku kwetu, upande wa Tengeru. Makubaliano na Shirika hilo yalisubiri hadi 1986, Rais akiwa Mwinyi. Katikati hapo ni ile miaka ya foleni za sukari na sabuni ambayo wazazi wetu hawachoki kutusimulia tukilalamika kwamba intaneti inasuasua.

NBC katika miaka hiyo ilikuwa inakopesha kwa maelekezo. Mashirika ya umma, mamlaka za mazao, vyama vya ushirika: walikopa, hawakulipa, wakakopeshwa tena. Ilipofika 1988 Serikali iliunda tume chini ya Charles Nyirabu kuchunguza mfumo wa fedha, na mwaka 1991 ikatungwa sheria mpya ya benki iliyowafungulia mlango wawekezaji binafsi. Mwaka huo huo likaundwa shirika la kukusanya madeni mabovu, LART, ambalo jina lake bado linawafanya baadhi ya wazee wanyamaze kidogo.

Benki binafsi za kwanza ziliingia 1993. Mojawapo ilikuwa Meridien BIAO, na ndani ya miaka miwili ilikuwa imeanguka. Mwaka 1995 huo huo Benki ya Nyumba, iliyokuwa ya Serikali, nayo ikafungwa. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Mimi nilizaliwa baadaye sana, nikapewa mafunzo ya siku tatu hotelini, nikatumwa barabarani kumwambia mtu mzima kwamba benki haianguki. Yeye alikuwa mtu mzima mwaka 1995.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda.

Mwaka 1997 NBC iligawanywa vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kampuni ya kushika mali. Cha pili kilikuwa NBC mpya, yenye wateja wakubwa wa mijini, na hicho kilipata mnunuzi: ABSA ya Afrika Kusini, mwaka 2000. Cha tatu kilipewa yale matawi ya wilayani, takriban mia moja, wateja wengi wenye pesa kidogo, na jina refu la National Microfinance Bank. Hicho hakikuwa na mchumba. Kwa macho ya mhasibu kilikuwa ni mzigo: majengo ya zamani, foleni ndefu, gharama kubwa, na mwanzoni hata ruhusa ya kukopesha ilibanwa.

Njia rahisi ingekuwa kufunga matawi. Ndivyo walivyofanya wengi Afrika Mashariki miaka hiyo. Kenya, benki kubwa za kigeni zilikuwa zinafunga matawi ya vijijini na kupandisha kiwango cha chini cha salio hadi mkulima wa kawaida akatoka mwenyewe. NMB ilikwenda kinyume. Mwaka 1999 Serikali iliwaleta washauri wa kampuni ya DAI ya Marekani waiendeshe, na walichokifanya hakikuanzia kwenye matangazo hata kidogo. Walianzia kaunta. Foleni ziende, hesabu zifungwe siku ile ile, mteja apewe pesa yake bila kuombwa arudi kesho. Halafu ikaanza mikopo midogo kwa wafanyabiashara wadogo: lipa mdogo vizuri, upewe mkubwa kidogo. Ile iliyokuwa kasoro ya benki, kwamba iko mpaka mahali ambapo hakuna mtu mwingine, ikageuka kuwa bidhaa yake. Mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa zake zilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, benki yenye asili ya vyama vya ushirika vya wakulima. Mchumba alikuwa amepatikana.

Kauli yao ya miaka ya baadaye, "Karibu yako", nimeiona tangu utotoni kwenye kuta za rangi ya bluu na machungwa bila kujua kwamba nyuma yake kuna uamuzi wa kutofunga. Kauli ile haikutungwa na mtu mwenye kalamu nzuri. Matawi yalikuwepo, kazi ya mtunga kauli ikawa ni kuyaeleza.

Hadithi ya Equity ya Kenya inafundishwa sana darasani, pengine kupita kiasi, lakini inaingia hapa. Ilianza 1984 kama chama cha kujenga nyumba. Mwaka 1993, wakati Kenya inatetemeshwa na mfumuko wa bei, Benki Kuu yao iliitazama ikaona kwamba kwa hesabu imeshafilisika: zaidi ya nusu ya mikopo ilikuwa hailipwi. James Mwangi alijiunga nayo wakati huo kusimamia fedha. Waliacha kujifanya chama cha kujenga nyumba, wakawafuata wale wale wakulima na wachuuzi waliokuwa wanafukuzwa na benki kubwa. Kuanzia mwaka 2000 walipeleka magari ya huduma hadi kwenye masoko ya vijijini, siku maalumu, saa maalumu. Mwisho wa 2004 wakawa benki kamili, na 2006 wakaingia soko la hisa la Nairobi.

Wahadhiri wetu wakitaka mfano wa mbali zaidi humtaja Amadeo Giannini wa San Francisco, ambaye baada ya tetemeko la 1906 aliweka ubao juu ya mapipa mawili gatini akaanza kukopesha watu wajenge upya, wakati benki nyingine bado zinasubiri makasha yao ya chuma yapoe moto. Picha hiyo inapendwa kwa sababu inafanana na mwavuli. Ndiyo, niliwahi kujiona Giannini wa Elerai. Tofauti ni kwamba yeye kwenye ule ubao alikuwa anatoa pesa. Mimi kwenye meza ya plastiki nilikuwa naomba.

Mtikisiko wa 2008 ulipokuja kwetu hatukuuona kwa sura ile ya New York. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, na wakati huo huo NMB ilikuwa inauza hisa zake kwa umma, shilingi 600 kila moja. Walimu na wauguzi walizinunua kwenye matawi yale yale wanayopokelea mshahara, na Novemba zikaorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam. Mwaka uliofuata CRDB nayo ikauza zake, shilingi 150. Sisi watu wa Arusha tunaijua CRDB kwa mkutano wake mkuu wa wanahisa, ambao kwa miaka mingi umefanyika pale AICC: wazee wenye makoti, kina mama wenye vitenge vipya, wote wakiulizia gawio kwa sauti ambayo hakuna mteja anayeitumia dirishani. Mtu akiwa na hisa hata kumi tu, anaongea na benki kama anaongea na mpangaji wake.

Ugumu uliotugusa kwa karibu ulikuja baadaye, kuanzia 2016. Serikali ilihamishia Benki Kuu amana za taasisi za umma, ambazo benki za biashara zilikuwa zimezizoea kama mtoto anavyozoea ziwa. Ukaja uhakiki wa watumishi, na Aprili 2017 likatoka lile orodha la watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila jina kwenye orodha ile lilikuwa na mshahara, na mishahara mingi ilikuwa na mkopo juu yake. Mikopo chechefu ikavuka asilimia 10 ya mikopo yote nchini. Meneja wa tawi aliyekuwa akifikia malengo yake kwa kupiga simu mbili kwenye taasisi za umma, sasa ilibidi avae viatu vya kutembelea. Huko ndiko walikotokea vijana wa mwavuli. Sisi ni watoto wa sera ya amana za Serikali, ingawa hakuna aliyetueleza hivyo.

Halafu ikafika Alhamisi, Januari 4, 2018. Nilikuwa nyumbani. Mama yangu ni fundi cherehani, na redio iko juu ya rafu ya vitambaa. Gavana Benno Ndulu, akiwa katika siku zake za mwisho ofisini, alitangaza kwamba Benki Kuu imezifungia benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Mama aliondoa miguu kwenye cherehani. Hakuwa na hata senti huko, wala sisi hatumjui ndugu aliyekuwa nayo. Ila lilitajwa jina la mlima tunaouona kila asubuhi tukifungua mlango.

Zitazame tena zile tano. Moja ya wanawake, moja yenye mizizi ya kanisani, moja ya wakulima wa Kagera, mbili za jamii za Njombe na Meru. Kwa lugha ya darasani zilikuwa na kila kitu ambacho vitabu vinasema kitaokoa benki nyakati ngumu. Zilikuwa karibu na mteja, zilijua lugha yake, zilibeba jina lake. Zilichokosa ni mtaji. Hapa ndipo nilipoanza kutofautiana na nusu ya marejeo ya tasnifu yangu. Ukaribu ni bidhaa nzuri, lakini mteja hawezi kuona kilichomo kwenye vitabu vya hesabu, na anayemuuzia ukaribu ule mara nyingi naye hawezi kukiona. NMB ilikuwa karibu na ilikuwa na Serikali nyuma yake, na baadaye Rabobank. Mkulima wa Kagera alikuwa na mkulima mwenzake wa Kagera, na mwaka mbaya kwa mmoja ni mwaka mbaya kwa wote wawili.

Kuna kipande cha tangazo lile ambacho siku hiyo sikukisikia, pengine kwa sababu mama alikuwa ameshaanza kuongea. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na wenye amana wangelipwa fidia isiyozidi shilingi 1,500,000 kila mmoja. Kinga hiyo ipo tangu sheria ya 1991. Kila benki inaichangia. Mwenye milioni ishirini angesubiri ufilisi ukamilike ili apate sehemu ya kilichobaki. Hilo ni pigo na sitaki kulipamba. Lakini mwenye laki nne alikuwa amekingwa yote.

Mama wa maziwa angekuwa na laki ngapi? Aliponiuliza nani atanirudishia, jibu lilikuwepo. Lilikuwa sheria, lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na lilikuwa na kiasi chake kwa shilingi. Katika siku tatu za mafunzo hakuna aliyelitaja. Tulifundishwa namna ya kutabasamu barakoa ikiwa usoni, kwamba macho nayo yanatabasamu. Tulifundishwa kwamba mteja akitaja benki iliyofungwa, mrudishe haraka kwenye faida za bidhaa. Nadhani sababu ni kwamba kuitaja bima ni kukubali kwamba ajali ipo, na hakuna mtu wa masoko anayetaka neno "kufilisika" liwe karibu na nembo yake. Wauza bima ya magari hawana aibu hiyo.

Mwaka ule wa 2020, kusema kweli, wakubwa walikuwa wameshaanza kufanya mambo ya maana kabla mwavuli wangu haujafunguliwa. Mwezi Mei Benki Kuu ilipunguza riba inayotoza benki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikaruhusu mikopo ya walioathirika ipangwe upya, na kikomo cha kufanya miamala kwa simu kwa siku kikapandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi 5. Mwenye gari la watalii lililoegeshwa uani alihitaji kusikia hilo la kupanga upya mkopo kuliko alivyohitaji akaunti mpya. Mimi nilikuwa nimekaa mita hamsini kutoka kwenye kijiwe chao na sikuwa na karatasi hata moja inayolieleza. Nilikuwa na vipeperushi vya akaunti ya watoto.

Na akaunti nilifungua. Kwa miezi mitatu nilifungua zaidi ya mia tatu, nikapongezwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilikuwa nalipwa kwa kila akaunti iliyosajiliwa, siyo kwa akaunti inayotumika, na mtu ukishajua hivyo unajifunza haraka. Chalii wa bodaboda anakubali kuweka vidole kwa sababu jua ni kali na chini ya mwavuli kuna kivuli. Dada wa saluni anafungua ili umwache aendelee na nywele za mteja. Rafiki zangu wa shule walifungua kwa hisani. Mwezi wa nne msimamizi alituonyesha takwimu, na sehemu kubwa ya zile zangu hazikuwa zimeingiziwa hata shilingi moja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hizi ni kaburi," akaendelea na jina la mwenzangu.

Wakati huo huo wanawake wa Elerai walikuwa wanaweka akiba kila wiki bila kuombwa. Nilifahamu baadaye kwamba mama wa maziwa ni mweka hazina wa kikoba. Mfumo ule ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na kwetu ulifikia Zanzibar kwanza, miaka kumi baadaye. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Wananunua hisa, wanakopeshana, wana mfuko wa jamii wa misiba na ugonjwa, na Desemba wanavunja na kugawana. Katika mwaka wa watalii kukatika kikoba chao nacho kiliyumba, wengine walishindwa kurejesha, na walikaa kikao kirefu wakaongezeana muda. Walifanya kwa mdomo kile Benki Kuu ilichokifanya kwa waraka.

Mwaka uliofuata NMB iliendesha kampeni ya kuhimiza akiba waliyoiita Bonge la Mpango, na zawadi zake zilikuwa pamoja na pikipiki za miguu mitatu za kubebea mizigo. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, nikaona ni bahati nasibu tu. Sasa nikiitazama kwa jicho la tasnifu naona angalau mtu mmoja kwenye kile chumba cha mikutano alijiuliza mama wa maziwa angetaka kushinda nini. Bado sijashawishika kwamba bahati nasibu hujenga tabia ya kuweka akiba, na nimeandika hivyo kwenye sura ya tatu. Msimamizi ameweka alama ya kuuliza pembeni.

Desemba iliyopita nilirudi Elerai kufanya usaili kwa ajili ya utafiti. Barabara imebadilika kidogo, magari ya watalii yamerudi, na pale nilipokuwa naweka meza kuna kibanda cha wakala mwenye nembo za benki nne na za mitandao yote ya simu. Mama alikuwa pale pale upande wa pili, madumu mawili, kopo lile lile. Nilimsalimia, akaitikia bila kunikumbuka, hadi nilipotaja mwavuli.

"Ahaa! Wewe ndiye wa benki haianguki."

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja na jibu."

Nikamweleza habari ya bima ya amana. Nikamwambia kwamba wakati ule ilikuwa milioni moja na nusu, na kwamba sasa imepandishwa hadi milioni saba na nusu kwa mtu mmoja kwa kila benki. Hakuonyesha kushangaa. Alinipimia maziwa nusu lita ambayo sikuwa nimeomba, akayatia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo.

"Wanachangia benki zenyewe?"

"Ndiyo, mama. Kila mwaka."

"Na ulijua siku ile?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akapokea hela ya maziwa, akahesabu chenji. Kisha akaniambia kwamba kikoba chao kina wanachama thelathini, na kwamba mwaka huu sanduku limekuwa zito, wanaogopa kulilaza nyumbani kwa mtu. Wanafikiria akaunti ya kikundi.

"Sasa nieleze vizuri, mwanangu. Hiyo milioni saba na nusu, sisi tukiwa kikundi tunahesabiwa mtu mmoja, au watu thelathini?"

Nilitoa daftari nikaliandika swali lake kama alivyolisema, na chini yake nikaandika siku ya kwenda kuuliza ofisini kwao: Jumatatu. Akasoma kile nilichoandika, akiwa ameinama juu ya bega langu, akaniambia niongeze na jina la kikoba, ili wakinijibu wajue wanamjibu nani.